Nyumba Thelathini na Moja za Ushirika wa Viazi Sukari

8 Septemba, Jumatatu

Ofisi imeagiza kila fundi aweke daftari la mabadiliko: tarehe, mashine, kilichoguswa. Hilo nimeliweka, kavu kama mkate wa wiki jana. Hili ni la pili, la kwangu, kwa mambo ambayo bosi Opdahl hana haja nayo.

Jina ni Roland Desjarlais. Rollie kwa marafiki, na kwa wanawake wawili nilioachana nao bila ugomvi. Nimeendesha lori hadi Alaska, nimepika kwenye meli ya madini Ziwa Superior, nimetengeneza mashine za kamari Reno. Chuo cha ufundi nilisoma mihula miwili na nusu, na cha maana nilikipata katika ile nusu. Kompyuta nilijifunza kwa kuziharibu, kisha kuzitengeneza kabla mwenyewe hajarudi kutoka chakula cha mchana. Katika bonde hili zima la Mto Red, pande zote mbili, Dakota na Minnesota, sijaona anayenishinda.

Kazi yenyewe ni hii. Ushirika una watu mia mbili na kumi na wawili wenye kompyuta. Thelathini na moja kati yao wanafanyia kazi kwenye dirisha jeusi, kwa zile zana za Unix ambazo unaziandikia amri badala ya kubofya picha. Zana hizo zina tabia moja. Zikiamka tu, kabla ya lolote, zinauliza: nyumbani ni wapi? Nyumbani ni folda moja. Humo mna mipangilio yako, funguo zako, orodha zako, hata kumbukumbu ya amri ulizoandika mwaka juzi. Unaandika kiwimbi kidogo, ~, nazo zinaelewa unasema kwetu.

Sasa wakaguzi wamesema nyumba zote zitoke kwenye mashine za mezani, zihamie kwenye seva, kwenye diski H, ambako kila kitu kinanakiliwa kila siku. Opdahl anataka iwe tayari kabla ya mavuno kuanza tarehe mosi Oktoba. Kanishika bega.

"Rollie, ukilimaliza hili bila kelele, Januari mkataba unaisha na ajira ya kudumu inaanza."

"Bosi, kelele ni mimi peke yangu. Nyumba zitahama kimya."

9 Septemba

Nyumba nne. Mvua kidogo.

12 Septemba, Ijumaa

Nyumba kumi na moja zimehama. Ya kumi na mbili imeniletea Verna Stensgaard.

Huyu mama ana miaka sitini na tatu na ndiye fundi wa malundo. Viazi sukari vikishavunwa haviingii kiwanda cha sukari vyote kwa siku moja. Vinalundikwa nje kwenye vituo, lundo refu kuliko kanisa, vinasubiri zamu yao hadi Machi. Baridi inavitunza. Lundo likipata joto ndani linaoza, na likishaanza halina breki. Kwa hiyo kila lundo limechomekwa fimbo za kupima joto. Miaka kumi na moja iliyopita Verna aliandika programu yake mwenyewe: kila siku saa kumi na moja alfajiri mashine yake inaamka yenyewe, inasoma orodha ya malundo iliyoko nyumbani kwake, inauliza fimbo, kisha inatuma ujumbe kwa watu arobaini. Wakulima wanaiita "Mfumo". Ukimwambia mkulima wa huku "Mfumo umesema," anajua ni Verna kasema.

"Mama Verna, nimekuja kukuhamisha."

"Sijaomba kuhamishwa."

"Seva ni pazuri. Mashine yako ikiungua, vitu vyako viko salama."

"Na ofisi ikiungua? Seva iko wapi?"

"Chini ya ngazi."

"Ngazi za wapi?"

"Za... ofisi."

Akanitazama juu ya miwani. Akarudi kuandika.

Ikabidi Opdahl amwandikie barua pepe ndipo akaniachia kiti. Alisimama nyuma yangu muda wote, mikono kifuani, kama askari wa mpakani. Bibi mgumu. Ananikumbusha nyumbu niliyemwona Montana, ila nyumbu yule alikuwa akitabasamu.

Nimenakili vyote kwenda H. Vya zamani sikuvifuta, kwake wala kwa wengine. Nimeviacha palepale kwenye mashine kwa usalama. Ndivyo afanyavyo fundi mwenye akili.

17 Septemba, Jumatano

Simu tisa kabla ya kahawa. Funguo zimegoma! Ile zana ya kuingilia kwenye mashine za kiwandani inakagua folda ya ufunguo wako kwanza; ikiona kuna mtu mwingine anayeweza kuifungua, inakataa ufunguo wenyewe, inasema hauna siri. Na kwenye seva, kila nyumba mpya ilizaliwa na ruhusa ya kikundi kizima cha mafundi. Nikazunguka meza kwa meza nikiondoa ruhusa za ziada, abaki mwenye nyumba na ile mashine ya nakala za kila siku tu. Kufika saa nane mchana wote tisa wako ndani. Mhandisi mmoja akaniita profesa. Sikumkatalia.

23 Septemba

Nyumba sita. Mgongo.

30 Septemba, Jumanne

Thelathini na moja kwa thelathini na moja, siku moja kabla ya mavuno. Opdahl kaleta keki, kasimama mbele ya watu, kasema hajawahi kuona uhamisho usio na malalamiko. Nikapewa nafasi ya kusema neno. Nikasema maneno kama mia nane. Nilisema hakuna sahani hata moja iliyovunjika katika kuhama huku, na mwenye kuona ufa aje kwangu nimlipie chakula cha jioni Fargo, nyama na divai.

Verna hakula keki. Aliniuliza jambo moja tu mlangoni:

"Umejaribu zote?"

"Zote, mama. Nimekaa kwenye kila kiti."

Ni kweli. Nilikaa kwenye kila kiti.

1 Oktoba

Malori yameanza. Hata makarani wamepelekwa vituoni kupima uzito.

4 Oktoba

Joto mno. Upokeaji umesimamishwa. Huwezi kulundika kiazi cha moto.

5 Oktoba

Joto bado.

7 Oktoba

Mvua. Matope yanavua watu viatu.

8 Oktoba

Mvua.

18 Oktoba, Jumamosi

Mavuno yamekwisha. Ni mengi kuliko vituo, ikabidi malori ya mwisho yapelekwe uwanja wa zamani wa Skarvik, lundo la saba. Kila mwaka malundo ni sita. Mwaka huu saba. Mwaka huu msimamizi wa Skarvik ni Mel Kuznia, mzoefu wa vituo vingine, Mpolandi mwenye sauti ya trekta. Verna kaongeza Skarvik kwenye orodha yake Jumatatu iliyopita. Nilipita akiwa anaandika. Nikamwambia, "Unaona nyumba mpya ilivyo na nafasi?" Akamalizia mstari wa saba.

3 Novemba

Theluji ya kwanza. Ujumbe wa Mfumo asubuhi: *Malundo yote yako baridi.*

14 Novemba

*Malundo yote yako baridi.* Nami pia. Tanuri la kupasha nyumba yangu joto limekufa, nikalifufua kwa bisibisi na matusi.

27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani kwa dada yangu, huko Belcourt. Bata mzinga, na supu ya mama, ile ya madonge ya nyama. Nimewaeleza wote habari ya nyumba thelathini na moja. Mpwa wangu kasinzia kwenye nyumba ya kumi na tano.

3 Desemba, Jumatano

Nilikuwa mezani kwa Verna kubadilisha waya wa skrini simu ilipolia. Aliiweka kwenye spika.

"Verna, lundo langu linavuta sigara."

"Mel, umelewa?"

"Saa tatu asubuhi? Bado najipasha. Njoo uone. Mvuke unatoka katikati kama sufuria ya viazi, na theluji juu imeyeyuka duara."

"Ujumbe wa leo unasema malundo yote yako baridi."

"Basi uambie huo ujumbe uje ushike koleo!"

Verna alikata simu akabaki ameishika. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akikaa bila kufanya kitu. Alikaa dakika nzima.

4 Desemba, Alhamisi

Nimemwendesha Verna hadi Skarvik, barabara ni barafu tupu na mimi ndiye dereva wa Alaska. Harufu ilitupokea kabla ya lundo, tamu, chachu, kama pipa la jamu lililosahauliwa. Mel alikuwa kwenye trekta la kijiko. Alichimba mara moja, ndani yakatoka matope ya kahawia yanayotoa mvuke. Akachimba hatua kumi kando, yaleyale.

"Hivi ni vya familia kumi na nne," Mel akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Miaka kumi na moja mimi silali na kipimajoto, Verna. Nalala na ujumbe wako."

Verna alivua glavu akaingiza mkono kwenye yale matope hadi kiwiko, akautoa, akauangalia. Kurudi, gari zima lilinuka. Sikufungua dirisha.

5 Desemba, Ijumaa

Opdahl ametuita. Alimwambia Verna, mbele yangu, "Iendeshe sasa. Nataka kuona."

Verna akakaa kwenye dirisha jeusi, akaandika amri yake. Yakaja malundo saba, na la saba lilikuwa jekundu: Skarvik, digrii sabini na moja za Fahrenheit.

"Kwa hiyo inajua," Opdahl akasema taratibu.

"Inajua," Verna akasema.

"Imejua kwa muda gani? Fimbo zinaonyesha joto lilianza katikati ya Novemba. Mashine inajua, mwenye mashine hakuangalia."

"Ujumbe wa asubuhi ulisema—"

"Ujumbe unauandika wewe, Verna. Programu yako, mashine yako, orodha yako." Akavua miwani. "Bodi inakuja Jumatatu. Nitapendekeza tununue programu ya kisasa, na wewe upumzike kabla ya Krismasi. Kwa heshima zote. Hakuna atakayesema neno baya."

Verna akasema, "Labda ni mimi. Labda niliona nikasahau." Aliisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Nilirudi mezani nikashindwa hata kufanya mzaha. Huyu aliyenikagua kama askari, aliyekataa keki, sasa ana shaka na kichwa chake. Na mimi sikuamini. Nimekutana na watu wanaosahau, wengine nimewaoa. Verna si mmoja wao.

6 Desemba, Jumamosi

Naandika yote ili nisije kuyapunguza baadaye.

Nimekwenda ofisini saa nne asubuhi, peke yangu. Nilifungua ujumbe wa alfajiri, si ule mstari mmoja wanaousoma watu, bali kumbukumbu inayobaki kwenye mashine. Malundo sita. Nikafungua ya jana: sita. Ya tarehe ishirini Novemba: sita. Kila alfajiri sita, na mara mbili tu Verna alizoendesha kwa mkono mchana, Oktoba akijaribu Skarvik na jana mbele ya Opdahl, saba. Mashine moja, programu moja, majibu mawili.

Nikaenda kumwaga kahawa. Ilikuwa imejaa bado.

Kisha nikajiuliza lile swali la zana zenyewe: nyumbani ni wapi? Mchana Verna yuko kitini. Ameingia kwa jina lake, na mtu akiingia ndipo ofisi inamwekea diski H. Ile herufi H si mahali. Ni mlango unaowekwa mtu akifika na kuondolewa akitoka. Saa kumi na moja alfajiri hakuna aliyeingia. Mashine inaamka peke yake, inatafuta H, hakuna H. Zana haikasiriki wala haisemi. Inashika jibu linalofuata, folda ya zamani kwenye mashine yenyewe. Na folda ya zamani ipo, safi, imejaa, pamoja na orodha ya Septemba yenye malundo sita. Inayasoma sita, yote baridi, inatuma salamu.

Aliyeelekeza nyumba kwenye herufi badala ya kuandika anwani kamili ya seva ni mimi. Aliyeacha nyumba ya zamani wazi, taa zinawaka, ni mimi. Nilikaa kwenye kila kiti, ndiyo. Sikufikiria kiti kisicho na mtu.

Sasa hapa ndipo pabaya. Kulirekebisha ni dakika nne. Nifute folda ya zamani, nibadilishe mstari mmoja, Jumatatu alfajiri ujumbe utasema saba. Katika Ushirika huu watu wawili tu wanaweza kusoma kumbukumbu hizo, na mmoja wao tayari ameamini kuwa amezeeka. Januari napata ajira. Nilikaa nikiangalia kitufe cha kufuta kwa muda ambao sitauandika. Nimesema uongo mwingi maishani, juu ya samaki, juu ya Alaska (nilifika Yukon tu, lori likafa). Lakini wote ulikuwa wa kujiongezea mimi. Sijawahi kumpunguza mtu.

Sikugusa kitu. Nimechapisha kurasa tisa, nikaendesha hadi kwa Verna. Alikuja mlangoni na mikono ya unga, anapika mikate ya viazi ya Krismasi. Akasoma kurasa zote tisa amesimama, zikapata unga.

"Sita," akasema.

"Sita, mama. Kila siku."

"Nilipaswa kuufanya ujumbe utaje idadi. Ungesema 'sita' ningeona siku ya kwanza."

"Mama Verna, usinisaidie. Hili ni langu."

Akanitazama tena juu ya miwani. "Ingia, unaingiza baridi."

7 Desemba

Kanisani. Sikuimba.

8 Desemba, Jumatatu

Bodi ni wakulima tisa na mwenyekiti wao Halvor Tveit, mzee mwenye mikono kama milango. Opdahl alianza na programu ya kisasa. Nikanyoosha mkono.

"Rollie, si sasa," akasema.

"Ni sasa, bosi. Baadaye nitakuwa nimepata akili."

Nikawaeleza. Tveit alinisimamisha mara moja.

"Yaani nyumba ilihama, mashine ikawa inarudi ya zamani?"

"Ndiyo, mzee. Kama mwanaume aliyeoa tena. Mchana anajua njia. Akiamka na usingizi alfajiri, gari linageuka lenyewe kwa mke wa kwanza."

Wakacheka, wawili watatu. Tveit hakucheka.

"Na mlango wa mke wa kwanza nani aliuacha wazi?"

"Mimi. Nikapewa na keki."

Mama mmoja wa bodi, ambaye viazi vyake viko Skarvik, akauliza, "Verna alikosea wapi?"

"Hakukosea. Aliniuliza kama nimejaribu zote. Nikamwambia nimejaribu."

Theluthi moja ya lundo imekwenda, itasukumwa shambani. Vilivyobaki vinapelekwa kiwandani kabla ya vya vituo vingine vyote. Ndivyo bodi ilivyoamua. Habari ya Verna kupumzika haikutajwa tena.

10 Desemba, Jumatano

Si bure nimesema *haikutajwa*. Opdahl kaandika taarifa ya kutumwa kwa wakulima wote, kaniletea niangalie maneno ya kifundi. Imeandikwa: hasara imetokana na *kosa la mfumo*.

"Bosi, hapa huwezi kuandika hivi."

"Ndivyo taarifa zote huandikwa. Hakuna anayeumia."

"Huko mashambani Mfumo ni nani?"

Akafikiri. Akawa mwekundu.

"Andika jina langu," nikasema.

"Nikiandika jina lako, Rollie, siwezi kuwaambia Januari nimekuajiri. Unaelewa? Kuna nafasi dawati la simu. Nusu siku, hadi majira ya kuchipua. Na hutagusa nyumba ya mtu."

"Andika. Na useme ni uhamisho wa Septemba, uliofanywa bila kujaribu kazi zinazojiendesha zenyewe."

Aliandika mbele yangu, kidole kimoja kimoja. Nimetaka jina langu lichapishwe tangu nina miaka kumi na sita.

12 Desemba

Mel kapiga simu. "Desjarlais! Wameisoma mkahawani kwa sauti. Mara mbili."

"Wamesemaje?"

"Umelaaniwa kwa lugha tatu. Halafu mmoja akasema walau safari hii wameandika mtu. Usipite Skarvik kabla ya Pasaka."

25 Desemba

Belcourt. Nilisimulia mambo ya Yukon. Nikasema Yukon.

5 Januari, Jumatatu

Dawati la simu. Maneno ya siri kumi na nne yamesahauliwa na watu kumi na mmoja.

8 Januari, Alhamisi

Nyuzi joto ishirini na mbili chini ya sifuri. Saa nne simu ililia.

"Ni Stensgaard. Nimepewa mashine mpya. Nataka mtu wa kunipangia nyumba."

"Mama, mimi sasa ni wa simu. Sina ruhusa ya kugusa nyumba."

"Ruhusa Opdahl ameitia sahihi, ninayo mkononi. Sijakuuliza ruhusa. Nauliza unakuja au huji."

Nilikwenda. Alikuwa amesogeza kiti chake pembeni na kuniwekea cha pili. Safari hii hakusimama nyuma yangu, alikaa. Mashine mpya iko mezani bado na plastiki kwenye skrini. Zamani ningekuwa nimeshaanza kuchapa huku namsimulia Reno. Nikatoa daftari, nikafungua ukurasa mpya.

"Mashine hii inafanya kazi gani usipokuwepo, saa ngapi, na kwa jina la nani?"

Verna akavua miwani akaifuta kwa sweta, hana haraka.

"Andika," akasema. "Ziko saba."